Chawa wa samoni: tatizo ni hesabu ya fiodi nzima

Watu wakisikia kazi yangu ni vimelea vya samaki huko Norway, swali la kwanza huwa lile lile: kwani vizimba vya kufugia samoni ndivyo vilivyoleta hao chawa? Hapana. Chawa wa samoni, vimelea vidogo vinavyong'ang'ania ngozi ya samaki huyo, walikuwamo baharini kabla ya kizimba cha kwanza. Vizimba vimewapa makao ya msimu wa baridi.

Zamani, msimu huo samoni wengi walikuwa mbali baharini, na ndani ya fiodi, yaani ghuba ndefu na nyembamba za bahari, chawa walikosa samaki wa kung'ang'ania, wakapungua. Mwezi Mei makinda wa samoni walioshuka kutoka mtoni, wenye gramu 20 hivi kila mmoja, walikuta maji karibu safi. Siku hizi vizimba vina samaki Januari hadi Desemba.

Sheria inaruhusu wastani wa chawa jike mkomavu 0.5 kwa kila samaki wa kizimbani, na 0.2 kwa wiki sita za majira ya kuchipua. Unaona ni kidogo? Kizimba kimoja kinaruhusiwa samaki 200,000. Kwa 0.2, hao ni majike 40,000. Kila jike huburuta nyuzi mbili za mayai, jumla mia kadhaa. Tuseme 300 tu: lava (chawa wachanga) milioni 12, kwa mkupuo mmoja, kutoka kwa mfugaji ambaye hajavunja sheria yoyote. Mkondo huwachukua makumi ya kilomita.

Wanaoniuma roho zaidi ni trauti wa baharini, samaki wa jamii ya samoni. Mweke mmoja kwenye beseni umtazame mgongoni: chawa wa kahawia wamejibana nyuma ya pezi, ute umekwisha, ngozi imekuwa ya kijivu, pezi limelika hadi miiba imetokeza. Kwa kuwa bahari ina chumvi kuliko mwili wake, maji humtoka kupitia kidonda. Anakauka akiwa majini. Chawa hawa hawavumilii maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo trauti hukimbilia mtoni mapema. Wengine hupona, lakini wamekosa malisho ya kiangazi, wanabaki wadogo na mayai yao machache. Kinda wa samoni yeye husonga mbele tu kwenda bahari kuu, na chawa kumi hivi wanatosha kumuua.

Wafugaji wamejaribu dawa, nazo chawa wamezizoea. Wamejaribu kuwaogesha samaki kwa maji ya vuguvugu na samaki wanaokula chawa.

Tangu 2017 pwani imegawanywa kanda 13 zenye rangi kama taa za barabarani. Chawa wakikadiriwa kuua zaidi ya 30% ya makinda wa asili, kanda inakuwa nyekundu na uzalishaji unaweza kukatwa 6%. Nauunga mkono mpango huu, kwa sababu unamtazama samaki anayeumia. Ningependa pia kila fiodi iwekewe kikomo cha jumla ya majike. Lava wanaowasubiri makinda mwezi Mei hutokana na mayai ya Aprili, ndiyo maana hesabu za vizimba mimi huanza kuzifuatilia Machi.