Grafu zenye asimptoti: kabla hujaja kulalamikia maksi, soma hapa kwanza

Wazazi na wanafunzi wa kidato cha tano na sita hapa Tanga, tangu majibu ya mtihani wa majaribio yatoke foleni ofisini kwetu haikatiki na karibu wote wanakuja na swali moja tu, lile la grafu yenye asimptoti, yaani mstari ambao grafu inazidi kuusogelea. Mzazi anatoka Ngamiani na karatasi ya mwanae mkononi, anasema mtoto kapanga jedwali, kapiga hesabu zote, kachora mstari mzuri, mbona kapewa maksi 1 kati ya 6? Tunawaelewa na hakuna mwenye nia ya kumuonea mtoto wa mtu. Ila tuliangalie lile swali lenyewe.

Lilikuwa y = (x − 1)/(x² − 4). Wengi walichukua x kuanzia −4 mpaka 4 wakabonyeza kalkuleta, kwenye −2 na 2 ikagoma, basi wakaziruka hizo namba wakaunganisha nukta zilizobaki. Sasa ona, kwenye x = 1 jibu ni 0 na kwenye 3 jibu ni 0.4, mtoto anavuta mstari toka huku mpaka kule kana kwamba katikati pametulia, wakati kwenye 1.9 y ni kama −2.3, kwenye 1.99 ni kama −24.8, na ukivuka tu ukafika 2.01 uko juu kwenye 25.2! Kalkuleta haikuharibika jamani, ilikuwa inakwambia hapo asili, yaani sehemu ya chini ya mgawanyo, ni sifuri, hapo kuna asimptoti wima, simamisha kalamu.

Kwa hiyo jedwali sio la kuanzia. Anza na asili, itafutie vigawo, (x − 2)(x + 2), chora mistari miwili ya vidoti kwenye 2 na −2. Alafu linganisha vipeo vikubwa vya x (kama ile 2 ya x²) vya juu na chini, hapa chini kuna kipeo kikubwa zaidi kwa hiyo asimptoti mlalo ni y = 0. Vikilingana unagawanya namba zilizo mbele ya hizo x zenye kipeo kikubwa, ya juu kwa ya chini, mfano (2x + 1)/(x − 3) inakupa y = 2. Alafu tafuta inapokata mihimili, yetu inapita (1, 0) na (0, 0.25). Mwisho alama: kushoto kwa −2 ni hasi, toka −2 mpaka 1 chanya, toka 1 mpaka 2 hasi, baada ya 2 chanya. Hapo grafu unaiona hata kabla hujaichora, vipande vitatu visivyogusana.

Anayeuliza asimptoti mlalo ya nini maishani, chukua mfano wa kukodi basi kwenda Mapango ya Amboni kwa 120,000 na kila mtu chakula cha 3,000. Mkiwa 10 kila mmoja anatoa 15,000, mkiwa 40 ni 6,000, mkiwa 60 ni 5,000, mnazidi kushuka lakini 3,000 kamili hamfiki hata mjae vipi maana nauli haiwi bure.

Sasa kuna hili ambalo kwa kweli linatuchosha, mtoto anaapa kwamba grafu haivuki asimptoti kamwe. Neno lenyewe la Kigiriki lina maana ya visivyokutana, labda ndiko lilikotoka, lakini sheria hiyo ni ya asimptoti wima tu. Mlalo inaeleza tabia ya mbali, x ikiwa kubwa sana, huku karibu grafu inaweza kuukata, na hii yetu imeukata pale pale kwenye x = 1. Na asili kuwa sifuri sio kila mara asimptoti, (x² − 9)/(x − 3) ni mstari wa y = x + 3 wenye tundu kwenye (3, 6), unachora kiduara kitupu basi. Kipeo cha juu kikizidi cha chini kwa kimoja, gawanya, (x² + 1)/(x − 1) inatoa x + 1 na baki 2, kwa hiyo asimptoti ni mshazari y = x + 1.

Maksi 6 ziligawanywa hivi: 2 asimptoti wima, 1 mlalo, 1 sehemu inapokata mihimili, 2 umbo la vipande. Aliyeunganisha vipande kuvuka x = 2 au −2 anapoteza zote mbili za umbo, hatuna nusu. Grafu ya programu ya simu msituletee kama ushahidi, simu haziruhusiwi chumba cha mtihani na karatasi ya taifa yenyewe inataka kazi yote ionekane, kalkuleta nayo isiwe ya kuprogramu.

Anayetaka kupitiwa upya alete karatasi yake halisi, sio picha, aje na mwalimu wake wa somo. Na tafadhali msifute mistari ya vidoti mkishamaliza ili kazi ionekane safi, wapo waliofuta wakaacha alama za raba tu, na msahihishaji hawezi kutoa maksi kwa mstari ambao haupo.