Mgongano wa Maslahi: Mkaguzi wa Ndege Anapohamia Kampuni ya Ndege

Mgongano wa maslahi ni hali ambayo mtu aliyepewa dhamana ya kuamua kwa niaba ya umma anapata, au anatarajia kupata, faida yake binafsi kutokana na uamuzi huo huo. Neno la kushika hapo ni hali. Wengi husikia mgongano wa maslahi ukitajwa pamoja na rushwa wakadhani ni kitu kimoja, ilhali rushwa ni tendo, na mgongano waweza kuwapo kabla mtu hajafanya baya lolote, hata kama hatalifanya kamwe.

Tumchukue mkaguzi wa usalama wa anga aliyesimama chini ya bawa la ndege pale Entebbe alfajiri, tochi mkononi. Anachuchumaa kuangalia kama tairi zimelika, kisha anapanda ngazi, anafungua kitabu cha hitilafu na kufuata kwa kidole kila hitilafu aliyoiandika rubani mpaka aione saini ya fundi aliyeirekebisha. Akikuta hitilafu isiyo na saini, ana mamlaka ya kuizuia ndege isiruke. Sasa tuongeze jambo moja tu: jana jioni kampuni yenye ndege hiyo ilimpigia simu kumuuliza kama angependa kuwa meneja wake wa usalama. Hajapokea hata shilingi moja, wala hajajibu. Hata hivyo mgongano umekwisha kuzaliwa, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi tena kuwa na hakika kama kidole chake kimepita haraka mahali fulani kwa ajili ya ile simu.

Kuhama kwenyewe si kosa, na katika nchi kama Uganda kupiga marufuku kuhama huko kungekuwa hasara tupu. Wataalamu wa fani hii ni wachache. Wengi wamepitia chuo kile kile cha urubani na ufundi wa ndege cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, na aliyekuwa fundi wa kampuni leo ndiye anayefaa kuwa mkaguzi kesho, kwa kuwa anajua kasoro hujificha wapi. Kwa sababu ya uchache huo, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliunda wakala wa pamoja wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe, ili nchi wanachama ziweze kusaidiana hata kwa wakaguzi.

Mataifa makubwa nayo yamelipitia jambo hili. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy wa Marekani alimteua Najeeb Halaby, mwanasheria aliyewahi kuwa rubani wa majaribio, kuongoza FAA, chombo cha serikali kinachosimamia usafiri wa anga. Aliondoka mwaka 1965 akajiunga na Pan American, kampuni iliyokuwa chini ya usimamizi wa chombo hicho hicho, na baadaye akawa mkuu wake hadi mwaka 1972. Haifai kumhukumu mtu kwa safari hiyo peke yake. Linalopasa kuulizwa ni aliyoyaamua kuhusu kampuni hiyo alipokuwa bado serikalini, na lini mazungumzo ya kazi yalianza.

Mgongano waweza pia kukaa ndani ya taasisi, na kwa maoni yangu huu ndio mzito zaidi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda hutoa leseni na kusimamia usalama, na papo hapo ndiyo inayoendesha uwanja wa Entebbe. Kenya na Tanzania zimetenga mamlaka za viwanja vya ndege na zile za usimamizi. Wahenga walituonya tusipeleke kesi ya ngedere kwa nyani. Taasisi inayojikagua hubaki na swali kama imejihukumu kwa haki, hata watumishi wake wawe waadilifu kiasi gani.

Uganda ina Sheria ya Maadili ya Viongozi ya mwaka 2002, inayowataka viongozi watangaze mapato, mali na madeni yao kwa Inspekta Mkuu wa Serikali. Kutangaza ni hatua ya kwanza tu. Ya pili ni kujiondoa katika uamuzi, na ya tatu ni kusubiri muda fulani kabla ya kwenda kumwakilisha yule uliyekuwa ukimsimamia. Kwa mkaguzi wetu, hatua mbili za mwanzo zinatimia kwa mistari miwili kwa mkuu wake: nimepigiwa simu na kampuni fulani, naomba nisiikague. Tochi inachukuliwa na mwenzake, na kitabu cha hitilafu kinafunguliwa upya kuanzia ukurasa wa kwanza.