Mshika bendera wa reli hategei kazi

"Wenzake wanatoka jasho, yeye kasimama na taa." Maneno haya husemwa sana na abiria wa treni za chini ya ardhi za New York wanapowapita mafundi wa njia, na hakuna dhana inayowaonea washika bendera kuliko hii. Mshika bendera amekatazwa kushika spana, kubeba mzigo, hata kusaidia kidogo tu. Kazi yake ni kuitazama njia ili wenzake wapate muda wa kutoka kabla treni haijawafikia. Kabla ya eneo la kazi hupangwa taa za njano, na dereva akiziona hushusha mwendo hadi kama kilomita 16 kwa saa. Mbele zaidi kuna taa nyekundu, na kwenye kazi kubwa huwekwa kando ya reli kifaa chenye mkono wa chuma. Treni ikikaidi, mkono huo hugonga wenzo ulio chini ya behewa na breki za dharura hujifunga zenyewe. Mshika bendera hairuhusu treni kupita mpaka aone kila mtu yuko mahali salama. Anayemwita aje kushika nyundo amewavua kinga wote waliomo njiani.

Wengine hudhani usiku reli hulala. New York treni hutembea saa 24, na hata njia iliyofungwa kwa abiria hupitiwa na treni za kazi, pengine kutoka upande usiotarajiwa.

"Umeme ukizimwa, hatari imekwisha." Hapana. Reli ya tatu, ile inayozipa treni umeme, hubeba zaidi ya volti 600, na kazi nyingi hufanyika ikiwa hai. Hata ikizimwa, ni lazima ipimwe kwanza, tena treni iliyokwisha kushika kasi haisimami papo hapo kwa kukosa umeme.

Wapo pia wanaoamini hatari huanza fundi anapoinua chombo. Aprili 2007, katika muda wa wiki moja, wafanyakazi wawili wa njia waligongwa na treni wakafa jijini humo. Mmoja alikuwa bado anapanga taa za tahadhari.

Na kusimamisha treni si haki ya bosi peke yake. Kwa kanuni za reli za Marekani, mtu yeyote kando ya njia akipunga kitu chochote kwa nguvu, dereva anatakiwa kusimama.