Je, wajua kwa nini msomaji wa riwaya anammeza kamongo (yule samaki wa matopeni) anayeongea, halafu sangara wa mwaka 1905 anamkwama kooni?

Mwezi uliopita tulikaa watu nane pale Kirumba, Mwanza, karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kila mtu na fotokopi yake ya mswada wa riwaya ya jamaa yetu mmoja ambaye bado anatafuta mchapishaji. Stori inaanza mwaka 1905, enzi za Mjerumani, kijiji cha wavuvi huku huku kwetu, kijana katega migono kwenye matete, asubuhi anaitoa anamkuta kamongo, na yule kamongo anafungua mdomo anamwambia asimuue kwanza, ana habari ya kumpa. Kuanzia hapo kamongo ndo anakuwa kama mzee wa kijiji, anakumbuka mambo ya kabla hata ya babu zao na anajua yatakayokuja. Mi nilienda pale nikijua kabisa ugomvi utakuwa juu ya kamongo. Wapi! Hakuna hata mmoja aliyemgusa. Moto uliwaka ukurasa wa thelathini na kitu, pale mama wa yule kijana anapompakulia mgeni kipande cha sangara.

Kati yetu kuna mama ambaye ameuza samaki mwaloni miaka na miaka. Aliweka karatasi zake mezani akamuuliza mwandishi, "Mwanangu, huyu sangara umemtoa wapi?" Na ana haki ya kuuliza, maana sangara si samaki wa asili wa hili Ziwa Victoria, alipandikizwa miaka ya 1950 upande wa Uganda, na huku kwetu kajaa kweli kweli miaka ya 1980, ndo wakati huohuo furu, wale samaki wadogo wa asili, wakaanza kupotea aina baada ya aina. Mwaka 1905 watu wa Mwanza walikula ngege, ningu, furu, kamongo mwenyewe, lakini sangara hawakumjua hata kwa jina.

Wengine nao wakadakia. Kuna sehemu mvuvi anashona nyavu za nailoni, na nailoni imegunduliwa miaka ya 1930. Kuna kibarua analipwa shilingi, wakati shilingi imekuja na Mwingereza mwaka 1921, enzi zile za Mjerumani ilikuwa rupia na heller, na hiyo heller ndo imetuachia hili neno hela tunalolitaja kila siku. Kuna magugu maji yameziba njia ya mitumbwi, na magugu maji tumeanza kuyaona ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Yule mama akasema kitu ambacho mwandishi yeyote kinamuuma: toka ule ukurasa wa sangara aliacha kusoma stori, akawa anatafuta makosa tu.

Sasa kwa nini iwe hivi? Samaki kuongea ni uongo mkubwa kuliko samaki kukosewa miaka hamsini, tena mkubwa mara mia. Mbona mdogo ndo unauma?

Mi naona jibu la kwanza tunalo toka utotoni. Bibi akisema paukwa, wewe unajibu pakawa, na ukishajibu tu umekubali, sungura akiongea huulizi, fisi akioa huulizi. Ni makubaliano ya watu wawili na yanafanyika mlangoni, kabla hamjaingia ndani. Kamongo wa jamaa yetu alipiga paukwa ukurasa wa kwanza, tukaitikia wote bila hata kujijua. Sangara hakupiga paukwa. Yeye kaja amevaa mwaka 1905, kaja kama ukweli, kakaa mezani na watu wa kweli, kwa hiyo msomaji anampima kwa ukweli, na akigundua anahisi kadanganywa. Hili si jambo jipya pia, Aristotle yule Mgiriki aliliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba kwenye utunzi afadhali jambo lisilowezekana lakini linaaminika kuliko linalowezekana ila haliaminiki.

Lakini paukwa peke yake haitoshi, na hapa ndo nilipojifunza zaidi siku ile. Tulimuuliza yule mama, wewe mbona kamongo umemkubali? Akasema, "Kwa sababu huyu nimemshika." Akatusomea ile sehemu. Mwandishi kaandika ute unaoteleza mpaka kiganjani, kaandika yale mapezi membamba yanayoning'inia kama kamba, meno yanayoweza kuondoka na kidole chako, na jinsi kamongo anavyopanda juu kuvuta hewa maana ana mapafu, ukimzuia chini ya maji anakufa kama mtu. Kaandika na dume anavyolinda mayai kwenye kiota chake matopeni. Yote kweli tupu. Msomaji anayemjua kamongo anasoma huku anaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, na samaki anapofungua mdomo kuongea ile ndiyo bado iko mdomoni mwake. Kwa hiyo maajabu yanabebwa na ukweli mdogo mdogo ulio chini yake. Ukiutoboa huo, hata kamongo anazama, ndo maana yule mama baada ya sangara akaanza kumtilia shaka hata kamongo aliyempenda.

Na kila msomaji anakutoboa pale anapopajua. Mimi ile nailoni niliipita bila kuiona, fundi wa mitumbwi aliyekuwepo hakuipita.

Kuna na kundi lingine ambalo lilikataa hata swali lenyewe. Mzee mmoja mzaliwa wa Ukerewe, tunamheshimu sana, alisema nyie maajabu kama haya mnayaita fantasia kwa sababu mmesoma vitabu vya watu wengine. Akamtaja Aniceti Kitereza, Mkerewe mwenzake, aliyemaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945 na kwa Kiswahili ikatoka 1980, humo ndani waganga wapo na dawa zipo, na vinakaa pamoja na kilimo na pombe na ukwe kama sehemu ya maisha tu, hakuna anayeshangaa. Akauliza pia, je Ng'wanamalundi? Usukuma nzima inamjua, mtu wa kweli kabisa, na hukohuko inasemekana alikausha miti kwa kunyoosha kidole. Ukiandika riwaya ya enzi zake ukayatoa hayo, umeandika historia au umeipunguza? Mi nakubaliana naye kwa kiasi kikubwa. Kwamba watu waliamini ni tukio la kihistoria kama vita au reli, liliwafanya watu watende.

Ila tulikogawanyika hasa, mpaka chai ikapoa, ni sura ya pili kutoka mwisho. Askari wanakuja kukamata vijana, kamongo anasema neno, bunduki zinatema maji, kijiji kinapona. Binti mmoja mwanafunzi alisema ndo sura aliyoipenda kuliko zote, machozi yalimtoka. Mzee akafunga karatasi.

Tarehe ndo ilimuumiza. Mwaka huohuo 1905 kule kusini Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji akiwaambia risasi zitageuka maji, watu wakaenda mbele ya bunduki, na hazikugeuka. Mwenyewe alinyongwa Agosti hiyohiyo, vita hiyo ya Maji Maji ikaendelea mpaka 1907, makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na mengine yanafika 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Huku ziwani vita hiyo haikufika, lakini kila aliyesoma shule Tanzania anaijua. Sasa ukimwandikia mtu kwamba huku bunduki zilitema maji kweli, yule mzee anasikia kama unamwambia wale wa kusini walikosa kamongo mzuri tu. Binti yeye anasoma kama dua, kitu ambacho kilitakiwa kiwe. Wote wawili wamesoma maneno yaleyale. Mi niko upande wa mzee, maajabu yakikaa pembeni ya maumivu ya watu yananifanya niyaone vizuri zaidi, yakiyafuta najisikia nimeporwa wale watu, lakini siwezi kusema binti hakusoma vizuri.

Mwandishi hakujitetea, aliandika tu kwenye daftari. Wiki iliyopita katuletea kurasa mpya. Shilingi imekuwa rupia, nyavu na magugu yameondoka, bunduki bado anaziwaza, na kwenye sahani ya mgeni sasa kuna ningu. Mama wa mwaloni kasoma pale pale amesimama, kafika kwenye ningu, kasema huyu sawa, huyu ni wa zamani, lakini enzi hizo walimpata kwa wingi mvua zikinyesha, akipanda mito kwenda kutaga, na wewe hapa mwanangu umeandika vumbi. Sura ile iko mwezi wa nane. Jamaa kachukua karatasi zake, karudi nazo nyumbani.