Tamaa ya Ukamilifu na Mazoea ya Kuchora: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Anayetaka mchoro usio na kasoro ana viwango vya juu kuliko wengine.

Viwango vya juu na tamaa ya ukamilifu hutofautiana hasa katika wakati wa kuhukumu. Mwenye viwango vya juu humaliza mchoro, huutazama, hugundua kuwa mkono umetoka mfupi mno, kisha huchora mkono mwingine. Mwenye tamaa ya ukamilifu huufuta mkono ule ule hadi karatasi ichakae, au haanzi kabisa kwa kuwa kasoro amekwisha kuiona akilini. Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett waliigawa tamaa hii katika sura tatu: kujibana mwenyewe, kuwabana wengine, na kuamini kwamba wengine ndio wanaokubana usikosee. Sura hiyo ya tatu ndiyo iliyoongezeka zaidi miongoni mwa wanafunzi wa vyuo wa Marekani, Kanada na Uingereza kati ya 1989 na 2016, kwa mujibu wa uchambuzi wa Thomas Curran na Andrew Hill.

Dhana potofu: Wasanii wakubwa hupatia tangu mwanzo.

Tunachokiona ukutani ni kile kilichochaguliwa. Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, na alipofariki mwaka 1890 aliacha zaidi ya picha 800 za rangi ya mafuta pamoja na mamia ya michoro, ambayo mingi ya mwanzoni ina miili iliyokakamaa. Pablo Picasso aliitangulizia Guernica, picha yake kubwa ya mwaka 1937 kuhusu ukatili wa vita, makumi ya michoro ya maandalizi, na picha alizopiga mpiga picha Dora Maar zinaonyesha jinsi turubai lenyewe lilivyobadilishwa hatua kwa hatua. Mwanasaikolojia Dean Keith Simonton, aliyechunguza maisha ya wabunifu wengi, alionyesha kuwa wanaotoa kazi bora nyingi kwa kawaida ndio pia wanaotoa kazi hafifu nyingi, kwa sababu wanatoa kazi nyingi. Anayejizuia kutoa kazi mbaya hujizuia pia kutoa ile nzuri.

Dhana potofu: Mazoea hujengeka kwa siku 21, na kuruka siku moja huyavunja.

Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, watu 96 walijaribu kujenga tabia mpya ndogo ndogo, kama vile kunywa maji au kula tunda. Kwa makadirio yao, tabia ilichukua siku 66 hivi kuwa ya kawaida, lakini tofauti zilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuathiri sana mwenendo huo. Kuchora ni kazi nzito kuliko kunywa maji, kwa hiyo sioni sababu ya kutarajia muda mfupi.

Dhana potofu: Ni lazima kwanza ilhamu ije.

Mara nyingi hamu huja baada ya mkono kuanza kusogea. Kinachosaidia ni lengo linalopimika bila kuhukumu ubora: dakika 15 kwa saa ile ile, kwa kalamu ya wino isiyofutika, katika daftari la bei nafuu ambalo halimtishi mtu. Michoro ya haraka ya mkao wa mwili, ya sekunde 30 hadi dakika 2, inafaa sana hapa, kwani muda hautoshi kurembesha chochote. Andika tarehe, geuza ukurasa, na tathmini uifanye mwisho wa juma kwa kuzitazama kurasa zote pamoja.

Dhana potofu: Mchoro usioonyeshwa mtandaoni ni kazi bure.

Kwa anayeteswa na macho ya watu, kuonyesha kila zoezi ni kumrudisha hakimu mezani kabla mstari haujakauka. Daftari la mazoezi linaweza kubaki la faragha mwaka mzima, na mwenyewe akachagua baadaye kurasa chache za kuonyesha, au asionyeshe hata moja.