Mtaro hauendi kwenye mabwawa

Juzi kwenye kikao cha mtaa hapa Dar es Salaam, mama mmoja mwenye mgahawa alishtakiwa na jirani yake kwa kumwaga maji ya vyombo na mafuta ya chipsi mtaroni. Hakupaniki. "Si yanaenda kusafishwa huko mbele? Au kodi tunalipa za nini?" Mwenyekiti akanigeukia: "Injinia, hebu tuambie." Nikasema hakuna huko mbele. Nusu ya kikao wakaniangalia kama nimetukana mtu.

Swali hilo nimelijibu msibani, nimelijibu kwenye daladala, nimelijibu mbele ya watu wenye digrii zao. Leo naliandika, ili siku nyingine nitume linki nikaendelee na chai yangu.

Bomba la majitaka ni kitu kimoja, mtaro ni kitu kingine. Bomba limefukiwa, lina chemba zenye mifuniko, na yapo mabomba yanayofika kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka kama yale ya Vingunguti, ambako uchafu unakaa, jua na vijidudu vinafanya kazi yao. Mtaro unafuata mteremko tu. Ukimwaga kitu Tandale kinaingia Mto Ng'ombe, Mto Ng'ombe unaingia Msimbazi, Msimbazi unatokea baharini pale Salender. Njia nzima hakuna dawa, hakuna bwawa, hakuna mtu aliyekaa anachuja. Simama Daraja la Tanzanite baada ya mvua kubwa uyaangalie yale maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo "huko mbele".

Na kuna waliokosea upande wa pili, hawa ndio wananichosha zaidi kwa sababu wametumia hela kukosea. Mtu anajenga nyumba nzuri, anafunga gata, kisha bomba la gata analiingiza kwenye chemba ya choo, eti uwanja usilowe. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 ni lita 1,000, simtanki nzima, na jirani zako kumi nao wamefanya hivyohivyo. Bomba la majitaka halikupimwa kwa mzigo huo. Chemba zinafumuka, kinyesi kinatembea barabarani, halafu kinaingia wapi? Mtaroni. Kisha unapiga simu kulalamika.

Sasa mchanga. Hapa naomba mnivumilie.

Kila mtu akisikia mtaro umeziba anasema chupa za plastiki. Sawa, chupa zinaziba mdomo wa kalavati, sibishi. Lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mitaro haikuacha kujaa. Ukichimba mtaro uliojaa, kwa sehemu kubwa unatoa mchanga na tope. Umetoka wapi? Ni kifusi cha jirani anayejenga, aliyemwaga lori zima ukingoni mwa barabara mwezi wa pili akijua kabisa masika yanaanza mwezi wa tatu. Ni vumbi la uwanja linalofagiwa kila alfajiri na kusukumwa mtaroni kwa fagio la chelewa, na mfagiaji anasifiwa kwa usafi. Tena mchanga haunuki, kwa hiyo hakuna anayeuita uchafu. Lakini tope laini ndilo linalobeba oili, mbolea na vinyesi vya mifugo, vinang'ang'ania kwenye chembe zake mpaka mtoni.

Halafu inafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Tunatoka na makoleo, tunazibua mtaro kwa jasho, tunapiga picha. Na lile tope? Tunalirundika ukingoni mwa mtaro huohuo! Mvua ya kwanza inalirudisha lote. Nimeona rundo moja likitolewa na kurudi mara tatu katika masika moja. Kama hamna hela ya guta la kulisomba siku ileile, nawaambia kwa uchungu, bora msizibue wiki hiyo. Changishaneni kwanza.

Oili chafu: gereji, wekeni kwenye dumu, msimwage chini. Rangi na saruji: fundi asisuuzie vifaa mtaroni. Haya hayahitaji hadithi.

Kutapisha vyoo kunahitaji. Mvua ikishika usiku, wapo wanaotoboa shimo la choo na kuliachia likaondoke na maji, kwa imani kwamba mvua inasafisha. Mvua haisafishi, inahamisha. Inakitoa kinyesi chako kwako na kukipeleka bondeni, kwenye uwanja ambao mtoto wa mwenzio atauchezea asubuhi. Watu wa mabondeni waliopelekwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wanajua maji ya mtaro yakiingia chumbani yanakuja na nini. Lakini pia najua lori la kunyonya halipiti kwenye vichochoro vya mitaa yetu mingi, na likifika bei yake inamshinda mpangaji. Kwa hiyo nikisema "acheni kutapisha" najua nimesema nusu ya jambo.

Na nina deni langu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilisukuma mitaro ya zege kila mahali, na viwanja vipigwe pevingi, pawe pasafi. Zege linaondoa maji haraka, ndiyo, na linaondoa uchafu haraka vilevile, unafika mtoni kabla haujatuama popote. Siku hizi mtu akiniomba ushauri namwambia abakize kipande cha udongo chenye nyasi au migomba, gata limwagie hapo. Ila kwenye maeneo ambayo ukichimba futi tatu unakuta maji, ushauri huo haufanyi kazi, na sina mwingine wa bei nafuu.

Mama wa mgahawa alinisubiri nje baada ya kikao. "Haya baba, nimekuelewa. Nimwage wapi?" Tukahesabu. Mafuta ya chipsi yaingie kwenye dumu, kuna kijana wa sabuni alishawahi kumuulizia. Makombo yachujwe kwa kichujio kabla ya kuosha, yaende kwa mfuga nguruwe. Maji ya povu yakabaki. Nyuma ya mgahawa wake hakuna hata hatua mbili za udongo.

"Hayo ya povu," nikamwambia, "kwa sasa endelea kumwaga palepale."

Akacheka. "Kwa hiyo jirani alinishtaki bure?"

"Mafuta, hapana," nikasema. "Povu, nipe muda."