Mihuri ya mitungi ya Rhodes: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Muhuri umeandikwa mwaka, kazi ni kuusoma tu.

Ukweli: Hauna mwaka. Mafundi wa Rhodes, kisiwa cha Ugiriki ya kale, waligonga muhuri udongo ungali mbichi, kabla mtungi wa mvinyo haujaingia tanuri. Mshikio mmoja ulibeba jina la mwenye karakana, na wa pili jina la kuhani wa Helios, mungu jua, aliyeshika wadhifa kwa mwaka mmoja. Wenyeji walijua nani alikuwa kuhani lini. Sisi orodha kamili ya makuhani hao haikutufikia, kwa hiyo wataalamu wameipanga upya jina kwa jina, wakiangalia majina yapi huchimbuliwa pamoja.

Dhana: Wataalamu wakishaipanga orodha hiyo na tarehe zake, haibadiliki.

Ukweli: Hapa ndipo ninapopenda sana fani hii. Mwaka 1960 wanaakiolojia walichimba Koroni, rasi iliyo pwani ya mashariki ya Attica, eneo linaloizunguka Athens. Walikuta kambi iliyokaliwa muda mfupi, na sarafu za Ptolemaio wa Pili, mfalme wa Misri. Walisema ni kambi ya askari wake waliokuja kuisaidia Athens katika vita vya Chremonides, vita vya Athens na washirika wake dhidi ya Makedonia, miaka ya 260 KK. Lakini kwa hesabu za wakati huo, vyombo na mihuri ya pale vilikuwa vya zamani zaidi. Virginia Grace, bingwa wa mihuri hii, aliwapinga. Mjadala ukadumu zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1974 Grace mwenyewe akachapisha marekebisho ya tarehe zake. Kambi ndogo ikasogeza tarehe za vyombo vya Ugiriki nzima. Mwaka 2001 mtafiti Gérald Finkielsztejn alizisogeza tena tarehe nyingi za Rhodes, zikawa za karibuni zaidi.

Dhana: Mshikio mmoja unatosha kutaja umri wa makazi.

Ukweli: Unatosha kusema mtungi ulitengenezwa lini, basi. Mtungi hutumika tena, huvunjika, vigae vyake huzolewa na kifusi. Chini ya jengo, muhuri wa karibuni kuliko yote ndio wenye uzito: msingi haukuwekwa kabla yake.

Dhana: Mji ukibomolewa, mihuri hukoma.

Ukweli: Warumi waliteketeza Korintho mwaka 146 KK. Hata hivyo imechimbuliwa pale mishikio ya baada ya mwaka huo. Kuna watu walibaki kwenye magofu, wakiendelea kununua mvinyo.